Rubisi: Kazi Kubwa Hufanyika Kabla ya Chachu

Rubisi, pombe ya ndizi, ikitoka nyepesi, isiyo na nguvu, wengi hulaumu maji. Mara nyingi tatizo lilianza siku kadhaa nyuma, ndizi zilipotolewa kwenye shimo la kuivishia kabla hazijaiva sawasawa.

Katika ndizi mbichi, wanga ni karibu asilimia 20 ya uzito wa nyama yake. Ikiiva, karibu wanga wote hugeuka sukari, na sukari ndiyo chakula cha chachu. Watengenezaji wa bia ya shayiri huotesha nafaka kwanza ili wapate vimeng'enya vya kuvunja wanga. Bukoba na Muleba, kazi hiyo hufanywa na shimo: embiire, yaani ndizi za pombe, hufukiwa kwenye majani ya migomba hadi ziwe njano na laini.

Kisha humenywa, zikatiwa katika mtumbwi wa mbao pamoja na nyasi safi, na wanaume wakazikanyaga. Nyasi ndizo chujio: hukamata makapi, juisi ikapita. Ndizi ambazo hazijaiva hazitoi juisi vizuri. Juisi huongezwa maji na mtama uliokaangwa na kusagwa, unaoleta rangi na ladha. Mtumbwi hufunikwa kwa majani ya migomba, na baada ya kama siku moja pombe iko tayari.

Pombe hiyo bado hai. Chachu inaendelea kutoa gesi, kwa hiyo dumu halikazwi kifuniko. Uingereza wana bia hai inayovutwa kutoka kwenye pipa kwa pampu ya mkono bila gesi ya kusukuma. Kadiri bia inavyopungua, hewa huingia, na baada ya siku chache bia inachachuka. Rubisi nayo hunywewa mapema kwa sababu hiyohiyo: hewa huwapa nafasi bakteria wa siki.

Lakini tishio kubwa liko shambani. Mnyauko wa bakteria, ugonjwa wa migomba, uligunduliwa Tanzania kwa mara ya kwanza Muleba mwaka 2006. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua, na aina kadhaa za ndizi za pombe huathirika sana kwa njia hiyo. Mkungu ukishamaliza kutoa vichane, vunja ua la chini kwa mti wenye panda. Panga lililogusa mgomba mgonjwa hupeleka ugonjwa kwa mzima. Anayeipenda rubisi na aanzie hapo, kwenye mgomba.