Mawasiliano na Wadau katika Usajili wa Watoto kwa Simu: Tahakiki ya Mpango wa RITA Mbeya na Iringa

Katika usimamizi wa miradi ya teknolojia ya habari, mawasiliano na wadau aghalabu huchukuliwa kuwa kazi ya kutoa taarifa: mradi huzinduliwa, matangazo hutolewa, kisha takwimu za mafanikio husomwa. Tahakiki hii inaonesha upungufu wa mtazamo huo kwa kurejelea mpango wa kusajili watoto wenye umri chini ya miaka mitano, ambao Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) na UNICEF waliuanzisha mkoani Mbeya mwaka 2013 na baadaye kuufikisha Iringa.

Ubora wa mpango huu hauna shaka. Sensa ya 2012 ilionesha kuwa asilimia 13.4 tu ya wakazi wa Tanzania Bara walikuwa na vyeti vya kuzaliwa. Badala ya mzazi kusafiri hadi ofisi ya wilaya, huduma ilisogezwa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Msajili huandika cheti kwa mkono, humkabidhi mzazi papo hapo bila malipo, kisha hutuma taarifa kwa simu ya mkononi hadi kwenye kanzidata ya RITA.

Hata hivyo, hapo ndipo penye hoja. Karatasi hubaki kijijini ilhali kumbukumbu hupanda makao makuu. Jina la ukoo la Kinyakyusa laweza kuandikwa kwa “ki” kwenye cheti na kwa “ky” kwenye simu. Kosa hilo mzazi halioni, kwa kuwa yeye ameshika karatasi tu. Idadi ya vyeti vilivyotolewa, ambayo ndiyo kipimo kinachosifiwa zaidi, haioneshi iwapo karatasi na kumbukumbu vinalingana.

Freeman (1984) anamtambua mdau kuwa yeyote anayeathiri malengo ya taasisi au kuathiriwa nayo. Kwa maana hiyo, mdau si mfadhili, kampuni ya simu na halmashauri pekee. Iringa, mkoa ambao kwa miaka mingi umekuwa miongoni mwa yenye maambukizi makubwa ya VVU, wapo watoto wanaolelewa na bibi zao. Tangazo linalowaita “wazazi” laweza kumfanya bibi adhani kuwa halimhusu.

Kwa hiyo, mawasiliano yanapaswa kuwa sehemu ya mfumo wenyewe: mlezi asomewe taarifa kabla hazijatumwa, apate ujumbe wa kuthibitisha kilichopokelewa, na aelezwe katani ni nani anayesahihisha makosa. Gharama ya kupuuza jambo hili haionekani leo. Waombaji wa mikopo ya elimu ya juu hutakiwa vyeti vyao vihakikiwe na RITA. Mtoto aliyesajiliwa Rungwe mwaka 2013 atakapofika hapo, herufi moja yaweza kumchelewesha.