Neno 'Dawa': Tunalifundisha Nusu

Walimu wenzangu na wanafunzi, makala haya yanatokana na alama moja ya wino mwekundu. Nilikuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari huko Nabuyoga, wilaya ya Tororo. Katika daftari la insha la msichana mmoja nilikuta sentensi hii: 'Bibi alikwenda porini kuchimba dawa ya kikohozi.' Mwalimu mwanagenzi alikuwa ameizungushia maneno 'kuchimba dawa' na kuandika pembeni: 'Si adabu.'

Mwalimu huyo alijifunza Kiswahili chake Tanzania. Huko basi la safari ndefu likisimama kando ya barabara, kondakta huwaambia abiria washuke 'wakachimbe dawa', yaani wakajisaidie vichakani. Msichana naye alikuwa akisema jambo lililotokea kweli: bibi yake alichukua jembe, akachimba mizizi, akaichemsha. Aliyekosea hapa ni nani? Nadhani ni sisi tunaolifundisha neno 'dawa' kama kwamba lina maana moja tu, ile ya kidonge cha hospitali.

Asili ya neno

Kuhusu asili hakuna ubishi. 'Dawa' limetokana na neno la Kiarabu *dawā'*. Waswahili walilichukua katika umoja wake, wakaiacha nyuma sauti ya mwisho pamoja na wingi wake wa Kiarabu, *adwiya*, kisha wakaliweka katika ngeli ya I-ZI: dawa hii, dawa hizi. Wanafunzi wasilichanganye na 'daawa', yaani madai au kesi. Hilo nalo ni la Kiarabu, lakini mzizi wake ni mwingine.

Kosa letu ni kuishia hapo. Tukishasema 'ni la Kiarabu, maana yake ni kitu cha kuponya', tunafunga daftari. Neno la mkopo halikuingia katika nyumba tupu. Kiswahili kilikuwa tayari na 'ganga', 'uganga' na 'mganga', maneno ya Kibantu, na hayakuondoka. Mpaka leo daktari wa juu kabisa katika wizara ya afya ya Tanzania huitwa Mganga Mkuu wa Serikali, cheo ambacho humshangaza mwanafunzi wa Uganda anayelisikia neno 'mganga' akafikiria hirizi. Kwa hiyo mganga wa Kibantu anatoa dawa ya Kiarabu, na mzungumzaji haoni ajabu yoyote.

Dawa na mti

Majirani wa Kiswahili nao wana la kutufundisha. Katika Dholuo *yath* ni mti na pia ni dawa, na Dhopadhola, lugha ya Wajopadhola wa Nabuyoga, ni ndugu yake wa karibu. Katika Kizulu *umuthi* ni mti na ni dawa. Katika Kinyarwanda mti ni *igiti* na dawa ni *umuti*, mzizi ukiwa mmoja. Kiswahili kilipokea jina jipya la dawa, lakini hakikuusahau mti: tunasema 'mitishamba', na tunauita mti mmoja 'mwarobaini' kwa kuamini kwamba unatibu maradhi arobaini. Tazameni pia jina hilo lenyewe: hesabu ya Kiarabu imevishwa kiambishi cha Kibantu.

Hata ule msemo wa kondakta unatoka huko huko. Abiria husema anakwenda kuchimba dawa kwa sababu zamani mtu aliyeonekana akiingia porini peke yake alikuwa na sababu ya heshima ya kufanya hivyo: kutafuta mizizi. Tafsida haiwezi kusitiri aibu kama maana yake ya kwanza haikuwa ya heshima. Bibi wa Nabuyoga alikuwa anaitumia maana hiyo ya kwanza.

Wala dawa haikuwa ya ugonjwa peke yake. Wanafunzi wa fasihi waliosoma tamthilia ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969) wanakumbuka Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Maji aliyoyagawa Kinjeketile Ngwale huko Ngarambe yaliitwa dawa, na hayakukusudiwa kumponya mgonjwa. Yaliaminiwa kuwa yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji.

Kazi ya 'ya'

Hapa ndipo ufundishaji wetu unapopwaya zaidi. Tuchukue mifano ya dukani:

dawa ya kikohozi – huondoa kikohozi
dawa ya usingizi – huleta usingizi
dawa ya ng'ombe – humtibu ng'ombe
dawa ya panya – humuua panya
dawa ya meno – husafisha meno
dawa ya viatu – hung'arisha viatu

Umbo ni lile lile: dawa + ya + nomino. Mahusiano ni sita. Kiunganishi 'ya' kinatuonyesha tu mahali ambapo badiliko litatokea. Hakisemi kama badiliko hilo ni jema au baya. Maana pana ya 'dawa', basi, ni kitu kinachotumiwa ili kibadili hali ya kitu kingine. Methali zinakubaliana na maana hiyo. Dawa ya moto ni moto. Dawa ya deni ni kulipa. Hakuna kinachoponywa hapo. Moto unazimwa, deni linakwisha.

Wagiriki wa kale nao walikuwa na neno moja, *pharmakon*, kwa dawa na kwa sumu. Kiswahili hakiko peke yake.

Dawa za au madawa ya?

Wengine hudai kwamba 'dawa za kulevya' ni mgongano wa maana, kwa kuwa dawa huponya, na kwamba ndiyo maana watu husema 'madawa ya kulevya'. Siikubali hoja hiyo. Kama dawa ya panya si mgongano, dawa ya kulevya haiwezi kuwa mgongano. Kiambishi 'ma-' katika 'madawa' kinaleta hisia ya wingi mkubwa au ya kudunisha, na tunakisikia sana redioni na sokoni, Busia na Malaba. Tusimcheke anayekisema. Katika maandishi rasmi, hata hivyo, mwanafunzi aandike 'dawa za kulevya', kama ilivyo katika sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 na katika jina la mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo. Kenya hupenda 'mihadarati', neno la Kiarabu lenye mzizi wa kufisha ganzi.

Mpakani, jina hilo hutolewa na sheria ya nchi. Miraa ni zao la biashara linalotambuliwa kisheria nchini Kenya. Ukifika nalo Tanzania, ambako huitwa mirungi, ni dawa ya kulevya. Jani halikubadilika njiani.

Tufanye nini?

Suala hili linavuka mipaka ya sarufi. Katika nyumba nyingi za wakulima chupa ya dawa ya kupe hukaa rafu moja na chupa ya dawa ya kikohozi. Mtoto akitumwa 'kalete dawa', neno hilo peke yake halimwambii alete ipi. Uganda iliamua mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto hao watasoma maandishi ya chupa hizo kwa Kiswahili tutakachowapa sisi. Tukiwafundisha kwamba dawa maana yake ni kitu cha kuponya, tumewapa ujuzi wa hatari.

Napendekeza kwamba neno hili lisifundishwe likiwa peke yake. Kila linapotajwa darasani mwanafunzi aulize maswali matatu: ni ya nani, ni ya nini, na inafanya nini?

Sentensi ya yule msichana inayajibu maswali mawili ya mwisho, na la kwanza linajibika kwa kusoma insha iliyobaki: dawa ilikuwa ya mdogo wake. Nilimwomba mwalimu amrudishie alama yake. Alikubali, kisha akaniuliza mizizi ile ilikuwa ya mti gani. Sikuwa na jibu. Tulimwita msichana, naye akatutajia jina lake kwa lugha ya kwao.