Bukta Isiyotazamwa Mara Mbili

Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) likishatoa tangazo la kuwaita wahitimu wa kidato cha sita, kijana hutafuta jina lake, kisha jina la kambi aliyopangiwa. Fundi cherehani hutafuta mstari wa bukta. Mstari huo haubadiliki sana mwaka hadi mwaka: bluu iliyokolea, mpira kiunoni, mfuko mmoja nyuma, urefu wa kuishia magotini, isiwe na zipu. Hufuata fulana ya kijani, raba ngumu za michezo za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traksuti, nguo za kuzuia baridi kwa waliopangiwa mikoa yenye baridi, nyaraka za masomo, na nauli ya kwenda na kurudi.

Ukiisoma haraka, orodha hiyo ni ya asubuhi moja tu sokoni Tukuyu. Vitu vyote vipo, vimetundikwa na kupangwa, na bei zake unaweza kuzipunguza kwa maneno mazuri. Lakini nimekaa kibarazani kwa fundi mmoja wa Lupepo msimu wa kuitwa kwa vijana, nikamtazama akishona bukta kwa mikono isiyo na papara, na tangu hapo siwezi tena kuisoma orodha ile kama watu wanavyosoma orodha ya dukani. Kila neno lililomo lina kazi ya mtu ndani yake.

Lupepo ni kata ya wilaya ya Rungwe, katika nchi ya migomba, chai, viazi na parachichi inayopata mvua nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya Tanzania. Maeneo ya Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Wito wa JKT huja Mei ikiishia au Juni ikiingia, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zinapungua na baridi ikishuka kutoka Mlima Rungwe. Nguo iliyofuliwa Jumatatu huweza kuonja jua Alhamisi. Kwa hiyo kazi ya fundi huyu huanza kwa maji. Kitambaa hukiloweka usiku kucha kabla mkasi haujakigusa, kwa sababu kitambaa cha pamba kisicholowekwa husinyaa kikifuliwa, na bukta iliyoishia magotini siku ya kushonwa itapanda mapajani wiki ya pili ya kambi. Kukikausha ndiko kunakotaka subira. Hukitandaza kwenye kamba jikoni, mbali na moshi, kisha hukimalizia kwa pasi ya mkaa, akiipitisha polepole kufuata nyuzi za urefu ili kitambaa kisipinde. Mteja mwenye haraka humwona mzee anachelewesha kazi. Kumbe kazi imeshafika mbali.

Rangi nayo ina mtego wake. Chini ya mawingu ya Rungwe, na ndani ya duka lenye dirisha moja, bluu iliyokolea na nyeusi hufanana kabisa. Mzazi hununua mita mbili kwa moyo mweupe, kijana hufika kambini na bukta nyeusi katikati ya wenzake wa bluu. Fundi hakati kitambaa kabla hajakitoa nje na kukiweka kando ya kipande anachokijua. Kisha hulowesha kitambaa cheupe, hukisugua juu ya kile cha bluu, na kutazama kama kinatoa rangi. Kikitoa sana, hukirudisha kwa mwenyewe kwa upole: mama, hiki kitachafua na shuka.

Kipimo ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Kijana aliingia, akaamkia, “Shikamoo fundi,” akaitikiwa, “Marahaba mwanangu, chuchumaa.” Nilidhani sikusikia vizuri. Fundi alimpima kiuno na nyonga akiwa amesimama kama kawaida, lakini urefu wa kutoka kiunoni nyuma, kupita msamba hadi kiunoni mbele, aliuchukua kijana akiwa amechuchumaa. Kisha akamwambia ainue goti mpaka usawa wa tumbo, kama anayekimbia mchakamchaka, akatazama nguo aliyokuja nayo inavyombana pajani. Kuruta, yaani kijana aliye mafunzoni, hasimami tu kwenye mstari. Anakimbia alfajiri, anatambaa, anaruka, anakaa chini na kuinuka kwa amri mpaka hesabu impotee. Bukta iliyopimwa mtu akiwa wima huchanikia msambani, na kuchanika mbele ya kombania nzima ni jambo ambalo kijana wa miaka 19 atalikumbuka hata akiwa na wajukuu.

Kwa binti, fundi humpa mama yake au shangazi yake futi, naye hugeukia upande wa cherehani na kutaja vipimo anavyovitaka, kimoja kimoja, akiandika kwa chaki ubaoni. Huongeza upana nyongani bila kuongeza kiunoni. Sijamsikia akilieleza hilo. Hulifanya tu, na binti hutoka bila kuona haya.

Pale msambani, mishono minne inapokutana, mafundi wengi huiunganisha na kupita. Huyu hukata kipande cha pembe nne, kidogo kama kiganja cha mtoto, akakipachika katikati ili mvutano ugawanyike na usielekee kwenye uzi mmoja. Ni dakika nyingi za kazi mahali ambapo hapana macho yatakayopaona. Mishono ya mapajani huilaza: ukingo mmoja hukunjwa ndani ya mwingine, kisha mshono wa pili hupita juu, hata ukiigeuza bukta ndani nje hukuti uzi unaoning'inia wala ukingo mkali. Anayekimbia na jasho kilomita kadhaa kila asubuhi huchubuliwa na mshono mbaya kabla hajachubuliwa na kitu kingine chochote. Zipu anafurahi kwamba imekatazwa. Zipu hukatika, hujaa mchanga, na mtu anayetambaa kwa tumbo hahitaji chuma mahali pale.

Kuhusu mpira wa kiunoni anazo kanuni zake. Kiuno cha inchi 28 hupata mpira wa inchi 25, mpana, usioviringika. Haushoni moja kwa moja kwenye kitambaa. Huutengenezea njia, akaacha upenyo mdogo ndani, ili ukilegea kijana auchomoe mwenyewe na kuingiza mwingine kwa pini. Anajua pia kwamba mwili alioupima leo si mwili utakaovaa bukta hiyo mwezi ujao. Wiki za mwanzo kuruta hukonda kiuno, mapaja yakakaza. Mpira utamfuata kiuno. Mapajani fundi amekwisha kumwachia nafasi.

Yote haya kwa cherehani ya miguu. Umeme upo, lakini anasema mguu humpa mwendo anaoutaka kwenye kona. Unyevu wa Juni hulegeza mkanda wa ngozi wa cherehani, ukaanza kuteleza kwenye gurudumu, naye husimama, hukata kipande chembamba, huunga ncha kwa waya na kuendelea pale pale alipoishia. Hakuna kinachomuudhi.

Bukta ina ukoo mrefu jeshini. Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, walivaa kaptura za kaki, na hapa hapa Rungwe, pale Masoko kando ya ziwa, Wajerumani walikuwa na kambi ya askari kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. JKT yenyewe ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, mwaka mmoja na ushee kabla ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililozaliwa Septemba 1964. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, haya wanayoitiwa wahitimu, yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013. Pengo hilo la miaka 19 ndilo lililonifanya nithamini zaidi kibaraza kile. Wazazi wengi wa wahitimu wa leo walimaliza shule ndani ya pengo; hawakwenda kambini, hawajui raba ipi hudumu wala kwa nini shuka ziwe mbili. Babu na bibi wanajua. Mafundi wa umri wa huyu wanajua. Ujuzi wa kumwandaa kijana uliruka kizazi, na mahali pengi ulibaki vidoleni mwa watu wachache waliokuwa wakiendelea kushona sare za shule, wakingoja bila kujua kwamba wanangoja.

Bibi ndiye mwenye shuka. Fikiria kamba ya kuanikia yenye mamia ya shuka za bluu bahari, zote za kipimo kimoja. Kuandika jina kwa kalamu hufutika, na jina kubwa lililodariziwa kwa rangi nyingine huleta maneno. Wanawake wa Rungwe waliozoea kudarizi vitambaa vya viti na meza wana njia nzuri zaidi. Bibi mmoja jirani na fundi huchukua uzi wa bluu ileile ya shuka, akashona herufi mbili ndogo kwenye kona, mshono mnene ulioinuka kidogo. Kwa macho huzioni. Kwa kidole huzikuta hata gizani, taa zikiwa zimezimwa na afande akipita. Soksi huzitia mapigo matatu ya uzi mweusi ndani ya ukingo. Fulana ya kijani hupata alama yake chini ya kola. Kijana humshukuru, “Ndaga fijo, bibi,” naye humfunga macho kwa kitenge na kumwambia aitafute kona yake kwa mkono, mpaka aipate bila kusita.

Hapo ndipo nilipouona ustadi huu jinsi ulivyo. Nguo ya harusi hushonwa ili itazamwe, na mshonaji hupata sifa ukumbini. Kifaa cha kuruta hutengenezwa ili jicho la afande lipite juu yake bila kutua. Bukta yenye urefu sahihi, rangi sahihi, isiyochanika, isiyoshuka, haimletei mvaaji swali lolote. Akili yake yote hubaki kwenye amri na kwenye pumzi zake. Kufanana kwa mamia ya vijana paredini kumetengenezwa na watu mbalimbali, kila mmoja akipima mwili mmoja kwa makini, huko Lupepo, Handeni, Kondoa. Hakuna atakayewauliza majina, na naamini wanastahili kuulizwa.

Raba huenda kwa fundi viatu. Raba mpya huwa imegandishwa kwa gundi tu, na gundi haipatani na umande wa kila alfajiri. Fundi viatu huikunja soli mara kadhaa, husikiliza, kisha huizungushia mshono wa uzi wa nailoni kwa msharasi, karibu na ukingo, kila tundu likifuata jingine kwa umbali uleule. Raba ya mtumba iliyo imara huipa heshima sawa na mpya. Anachokikataa ni namba ndogo. Mguu unaokimbia kila siku huvimba, na soksi ndefu huongeza unene, kwa hiyo kijana hujaribu raba jioni, baada ya kutembea, soksi zikiwa mguuni.

Nguo za baridi ni suala la kambi. Aliyepangiwa Mafinga au Itende hapo Mbeya habadilishi hewa sana. Sweta lake la shule la kufumwa kwa mkono litamtosha. Aliyepangiwa Ruvu au Bulombora, kando ya Ziwa Tanganyika, ana somo jingine, kwa kuwa mtoto wa Rungwe hajui jasho la nchi za joto kama hizo. Fundi humshauri achukue kitambaa chepesi zaidi, na bukta ya pili kama uwezo upo, kwa kuwa moja itakuwa kambani nyingine mwilini.

Wapo wanaokwenda kwa miezi yao mitatu wakarudi kusubiri chuo. Wapo wanaokwenda wakiwa na Monduli moyoni, kwenye chuo cha mafunzo ya kijeshi ambako Rais huwatunuku maofisa wapya kamisheni wakawa maluteni usu. Orodha haiwabagui, anayetamani nyota begani na anayetamani shahada ya kilimo huvaa bukta ileile. Nilipouliza kama humshonea kwa namna ya pekee kijana anayeutaka uofisa, fundi alisema hapana, kwa sababu yule asiyeutaka leo huenda akautaka akiwa huko.

Ombi lake ni moja kwa kila anayerudi: amletee bukta, hata ikiwa imechakaa, hasa ikiwa imechakaa. Huigeuza ndani nje juu ya meza, huipitisha vidole msambani, kwenye njia ya mpira, kwenye ncha za mfuko wa nyuma. Pale ilipofifia hujua mvaaji alikalia nini. Pale uzi ulipolika hujua alivuta mguu upi. Bukta moja iliyotoka kambi ya Mgambo ilikuwa nzima kila mahali isipokuwa pembe mbili za juu za mfuko, zilizokuwa zimechanika kwa kuchomekwa mkono mara kwa mara. Tangu hapo kila mfuko anaoushona Lupepo hupata nyuma ya pembe zake kipande cha kitambaa maradufu, na mshono wa kwenda na kurudi mara tatu.