Kuingia Mbio kwa Kireno

Wako wanaokilaumu Kireno kwamba kimepungukiwa uhai panapohusika mwendo. Mwingereza, wasema, hutamka "ran into the house", akataja mbio na kuingia kwa pumzi moja. Mreno hana budi kusema "entrou em casa a correr", yaani aliingia nyumbani akikimbia. Mbrazili husema "entrou correndo". Wao huuona huo kuwa mzunguko. Mimi sikubaliani nao.

Mwanaisimu Mmarekani Leonard Talmy, katika makala yake ya 1985, alionyesha kwamba lugha hutofautiana katika kile kinachowekwa ndani ya kitenzi. Kiingereza huweka humo namna ya mwendo, na njia hukiachia kijineno kinachofuata. Kireno, sawa na ndugu zake Kihispania na Kifaransa, aghalabu huweka njia yenyewe: "entrar" ni kuingia, "sair" kutoka, "subir" kupanda, "descer" kushuka. Namna huongezwa ikihitajika, kama katika "atravessou o rio a nado", alivuka mto kwa kuogelea.

Bila shaka msomaji amekwisha kutambua kwamba hiyo ndiyo desturi yetu pia. Lakini hatufanani kwa yote. Sisi twaweza kugeuza kukimbia kuwa kukimbilia, na mwelekeo ukaingia katika kitenzi; Mreno huhitaji kihusishi, "correu para casa". Tena, akiitwa hujibu "já vou", naenda, kwa kuwa hupima mwendo kutoka aliposimama yeye. Sisi hujibu "naja", tukijiweka alipo anayeita.

Je, ipi katika hizo ni pungufu? Hakuna. Mfasiri anayebeba kila namna ya mwendo kutoka Kiingereza hujaza ukurasa wa Kireno "akinyemelea" na "akijikokota", hata msomaji akachoka kabla mtu hajafika mlangoni.

Nalisema hili kwa sababu nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Mwalimu anayepima lugha zote kwa kipimo cha lugha moja, kesho atamwambia mtoto kwamba lugha ya mama yake ina kasoro, na mtoto atamwamini. Kireno hutaja kwanza mtu amekwenda wapi. Amekwendaje, huelezwa panapokuwa na haja, nao ni utaratibu wenye akili.