Mvuke au Mwamba? Uhakiki wa Istilahi za Jotoardhi

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki namna Kiswahili kinavyoeleza sayansi ya jotoardhi. Huenda msomaji wa hapa Malukhu, chini ya Mlima Elgon, akauliza: hayo yatuhusu nini? Elgon ni volkano iliyozimika, na maeneo ya jotoardhi ya Uganda, kama Katwe, Buranga, Kibiro na Panyimur, yako magharibi katika Bonde la Ufa. Jirani zetu wa Kenya walianza kuchimba Olkaria mwaka 1956, na umeme ukazalishwa huko kuanzia 1981. Siku mwanafunzi wetu atakapotakiwa kuwaeleza wanakijiji kinachotafutwa chini ya ardhi yao, atatumia maneno gani?

Na neno jotoardhi lenyewe hatuna ugomvi. Limeunganisha nomino mbili, kama isimujamii, na maana yake yaonekana waziwazi. Tatizo ni mazoea ya kusema "nishati ya mvuke" au "kawi ya mvuke", kana kwamba kisimani hamna jingine. Mwanajiolojia husoma mwamba. Kekee inaposaga, chenga za mwamba huletwa juu, huchukuliwa takriban kila baada ya mita mbili, kisha huchunguzwa kwa hadubini. Anachotafuta ni alama za maji moto, ambayo hupenya nyufani, huyeyusha madini ya awali na kuacha mapya. Smektaiti, ambayo ni aina ya udongo mfinyanzi, hupatikana penye joto lisilozidi nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Joto likipanda, kloraiti hushika nafasi yake. Epidoti ya kijani huashiria nyuzi 240 hivi au zaidi. Madini hayo ni kipimajoto.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Wapo wanaopendelea "mabadiliko ya kihaidrothemali", istilahi isiyomwambia msikilizaji nani kabadilisha nini. Hata "mwamba umebadilika" haitoshi, kwani kauli ya kutendeka humficha mtenda. Tunapendekeza "mwamba uliogeuzwa na maji moto". Ni maneno mengi, lakini mtenda na mtendwa wote wamo.

Kosa la njeo ni zito zaidi. Sentensi kama "epidoti inaonyesha kwamba joto ni nyuzi 250" inapotosha. Epidoti hubaki mwambani hata baada ya joto kushuka. Kwa hiyo tuseme joto "liliwahi kufika" nyuzi hizo. Kipimo cha kisima kikionyesha joto la chini kuliko linalodaiwa na epidoti, huenda eneo limepoa. Kati ya "ni" na "liliwahi kufika" pana gharama ya kisima kizima.

Neno "madini" nalo lina mtego wake. Kwa wengi, madini ni dhahabu au shaba. Mwanakijiji akisikia kwamba madini yameonekana kisimani, atadhani anafichwa utajiri wake. Hana budi mwalimu kufafanua kwamba epidoti ni dalili ya joto, haiuzwi sokoni.

Katiba ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2005 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Urasmi huo utapimwa katika kazi kama hizi. Tunawaalika walimu washirikiane na wenzao wa jiografia: wachukue ripoti moja ya kisima, wanafunzi waiandike kwa Kiswahili, kisha wakague kila kauli na kila njeo.