Kivuli Upande wa Kulia

Kivuli cha herufi huangukia upande wa kulia. Sikuwahi kuligundua hilo mpaka fundi mmoja wa Kitengela aliponionyesha, tukiwa nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya Namanga. Skrini ilikuwa moja, nazo mashine mbili zilikuwa zikiigawana: kompyuta ya risiti na kinasa picha cha kamera za ghala, katikati yake swichi ndogo ya kubadilishia. Kila tarakimu ilikuwa na pacha wake hafifu. Mwenye duka alikuwa amechoka kukaza macho, akawa ameshatenga pesa za skrini mpya.

"Usinunue bado, mama," fundi akamwambia. "Niache niiangalie kwanza."

Akaiangalia kweli, bila kushika hata bisibisi. Aliinama karibu na bei ya mabati, akaweka ukucha kati ya herufi na kivuli chake, kama fundi cherehani anayekadiria pindo. Kisha akaifuata kebo kwa kidole, kutoka nyuma ya skrini, ikapanda ukutani, ikapita darini, mpaka kwenye swichi iliyofichwa chini ya meza ya pili. Ilikuwa na urefu wa mita kumi hivi.

Kebo yenyewe ni ya VGA, mtindo ulioanzishwa na IBM mwaka 1987, na maduka mengi bado yanautumia. Ndani yake picha husafiri kama mawimbi ya umeme, na njia yote inatakiwa iwe na kipimo kimoja, omu 75, toka mwanzo hadi mwisho. Kipimo kikivurugika, kwenye kichwa kilicholegea au swichi duni, sehemu ya mawimbi hurudi nyuma kama mwangwi, hugonga upande wa pili, kisha huifikia skrini ikiwa imechelewa. Na kwa kuwa mstari wa picha huchorwa kutoka kushoto, kilichochelewa hakina budi kuangukia kulia. Kwa mfano, picha ya nukta 1920 kwa 1080, inayochorwa mara 60 kwa sekunde, huipa kila nukta nanosekunde 6.7 tu. Mawimbi hutumia karibu nanosekunde 5 kwa kila mita ya kebo. Mita 10, kwenda na kurudi, ni nanosekunde 100, yaani nukta 15. Ule ukucha ulikuwa umeipima kebo kabla kidole hakijaifuata.

Aliisogeza swichi karibu na skrini, akaweka kebo nzito ya mita moja na nusu. Vichwa alivipiga brashi kwanza, kwa sababu vumbi la nyanda za Athi huingia popote, akazihesabu pini na kukaza skrubu zote mbili. Kivuli kikajibana kwenye ubavu wa herufi hata usikione.

Lakini herufi zilibaki nene, kana kwamba zimevimba. Hapo ndipo nilipompenda zaidi, maana hakushangaa. Alijua anatibu magonjwa mawili, na alikuwa ameyatenganisha tangu mwanzo. Kompyuta ikiwashwa hupiga hodi kwenye skrini, nayo skrini huitikia kwa maelezo mafupi, baiti 128 kwa kawaida, yanayosema ina nukta ngapi. Swichi ile haikupitisha mwitikio. Kompyuta, isiyojibiwa, ikakisia 1024 kwa 768, na skrini ikalazimika kuivuta picha ndogo ijaze kioo kikubwa. Akaipangia kompyuta kipimo cha skrini kwa mkono. Kinasa akakipangia kwenye menyu yake.

Mwisho ndipo akagusa kitufe cha kujirekebisha, na hata hapo alifungua kwanza ukurasa mweupe uliojaa mistari myembamba. Skrini hutafuta kingo za picha ili ijipange. Ukikibonyeza skrini ikiwa na mandhari meusi, itapata kingo gani?

Wiki iliyofuata nilimsindikiza Kajiado mjini, tukipitia Isinya, hadi kwenye saiba moja ambayo laptopu na kompyuta ya mezani zilitumia skrini moja kupitia swichi ya HDMI. Picha ya laptopu ilikuwa imepauka, nyeusi imekuwa rangi ya majivu. Mwenye saiba alikuwa ameshabadilisha kebo tatu. Fundi hakuigusa kebo. HDMI hubeba namba, na namba ikiharibika njiani huleta vimulimuli vya nukta au skrini kuzimika, haileti mpauko. Kilichokuwapo ni kutoelewana. Kwa desturi ya televisheni, nyeusi ni 16 na nyeupe ni 235. Kwa kompyuta ni 0 hadi 255. Laptopu iliidhania skrini kuwa televisheni, nayo skrini ilikuwa ikiisubiri 0 isiyofika kamwe. Menyu moja, mstari mmoja, na nyeusi ikarudi.

Hakuondoka. Alibonyeza swichi, laptopu, mezani, laptopu, mezani, labda mara kumi na tano, kila mara akisubiri picha itulie na kuitazama pembe zote nne. Kisha akakata kipande cha utepe wa karatasi, akakizungusha kwenye kebo, akaandika tarehe.