Buluu ya Mlima Rigi

Mwaka 1842 mchoraji Mwingereza J.M.W. Turner alichora mlima Rigi wa Uswisi ukiwa ng'ambo ya Ziwa Lucerne, alfajiri, jua likiwa bado nyuma ya mlima. Picha hiyo ya rangi ya maji, The Blue Rigi, haifiki hata nusu mita kwa upana. Buluu yake imekolea kweli, lakini bado inapitisha mwanga, na hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi huyu.

Rangi ya maji haifuniki. Hukaa juu ya karatasi kama mtandio mwepesi, na mwanga wote unaouona ni weupe wa karatasi unaopenya kutoka chini. Kwa hiyo Turner alipaka rangi iliyozimuliwa sana, akaiacha ikauke, ndipo akapaka nyingine juu yake. Ukikosa subira hapo, rangi ya chini huamka, huchanganyika na ya juu, na mlima wote hugeuka tope. Kisha alipita tena na ncha ya brashi, mstari mwembamba kando ya mwenzake, mpaka jabali likapata mwili. Kazi hii ya mwisho haionekani kwa haraka. Isogelee picha, uitazame polepole.

Palipohitaji weupe, aliuacha tangu mwanzo au aliurudisha: alinyonya rangi kwa sponji au kwa chembe za mkate, au alikwangua karatasi kwa kisu. Waliomwona kazini walisimulia pia juu ya ukucha mrefu wa dole gumba lake, uliofanya kazi hiyohiyo.

Safarini alibeba vitu vichache. Kimojawapo kilikuwa jalada la ngozi la kalenda, lililobandikwa vipande vya rangi ndani yake. Nje alitumia zaidi penseli; huko Naples, mwaka 1819, alieleza kwamba muda wa kupaka picha moja ya rangi ungemtosha kuchora 15 au 16 za penseli. Rangi ilingoja chumba cha kulala wageni, na Rigi yenyewe aliikamilisha London, akitumia jaribio dogo la rangi alilolifanya kutokana na safari yake.

Wapo wanaoamini kwamba mandhari isiyomalizwa papo hapo hupoteza ukweli wake. Rigi inawakanusha. Nawe ukisafiri na rangi zako, anza na penseli, tazama sana, na usiguse karatasi pale jua linapotokea.